Nguvu Aliyoingia Nayo Mzee Hospitalini

Wazee wawili wa rika moja, wote wamekwisha kupita miaka 75, waweza kufikishwa hospitali moja kwa siku moja, kila mmoja akiwa amevunjika pingili ya mgongo mahali pale pale, na picha zao za eksirei zikatazamwa kwa pamoja zisionekane tofauti yoyote. Na juu ya hayo, mmoja akarudi kwake baada ya siku chache akitembea taratibu kwa mkongojo, ilhali mwenziwe akapata homa ya mapafu, akaweweseka usiku kucha, akafanya vidonda vya kulalia, na alipotoka, kama alijaliwa kutoka, hakuweza tena kwenda msalani bila ya kushikwa. Jamaa wa huyu wa pili aghalabu huulaumu mfupa, au huulaumu umri, au hunyamaza wakasema ni kudura ya Mungu, nayo kudura haikanushiki; lakini matabibu waliozichunguza habari hizi katika nchi nyingi wamekuta kwamba linalobainisha hatima ya mzee wodini, yaani atakaa siku ngapi, atapatwa na madhara gani, atarudi kwake au atakuwa wa kutunzwa aushi yake yote, si mfupa peke yake wala si hesabu ya miaka, bali ni kiasi cha nguvu alichokuwa nacho kabla ya kuanguka. Nguvu hiyo tabibu hakuishuhudia. Walioishuhudia ni watoto, wakwe na wajukuu, na ndio ninaowaandikia, kwa kuwa wana mambo mawili mikononi mwao ambayo hospitali haiwezi kuyafanya bila wao: kuitolea ushahidi nguvu ile, na kuilinda isiishe kitandani.

Kwanza yafaa ijulikane kwamba mgongo wa mzee hauhitaji ajali kubwa ili uvunjike. Kijana huvunjika mgongo kwa kuanguka kutoka juu ya mnazi au mkarafuu, au kwa kupinduka na gari. Bali mzee, na hasa mwanamke aliyekoma hedhi miaka mingi iliyopita, ambaye mifupa yake imepungua uzito na kuwa myepesi ndani, aweza kuvunjika kwa kuinua ndoo ya maji, kwa kujibwaga juu ya kigoda, au hata kwa kikohozi kikali. Pingili zinazovunjika sana ni zile za mahali mgongo wa kifua unapokutana na wa kiuno, nazo husagika upande wa mbele, ndiyo maana mzee hufupika na kuinama mwaka hata mwaka, na watu wakasema ni uzee tu. Mivunjiko mingi ya namna hii haitambuliwi: takriban theluthi moja tu ndiyo inayofika kwa tabibu na kupewa jina lake. Shingo nayo ina hadhari yake. Mzee aliyeanguka kifudifudi akapiga kipaji cha uso sakafuni, kisha akalalamika shingo, asiambiwe amelala vibaya, maana pingili ya pili ya shingo ndiyo ivunjikayo zaidi kwa watu wa umri huo, na huweza kuvunjika kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, hali mikono na miguu ingali inafanya kazi kana kwamba hakuna jambo.

Hapo ndipo inapoingia desturi yetu ya kumwita mkandaji. Sina ugomvi na mkandaji anayechua misuli iliyochoka, na wapo wenye mikono ya baraka. Lakini mzee mwenye maumivu mapya ya mgongo au shingo baada ya kuanguka asichuliwe, asinyooshwe, wala asikanyagwe mgongoni na mjukuu, mpaka picha ipigwe. Na hata picha ikionesha pingili iliyosagika, jamaa wasifanye haraka kudhani kuwa sababu ni mifupa myepesi, kwa maana katika nchi zetu kifua kikuu hula pingili za mgongo, kama alivyoeleza tabibu Mwingereza Percivall Pott mwaka 1779 habari za maradhi ambayo hata leo huitwa kwa jina lake, na saratani ya tezi dume au ya titi nayo hupenda kukimbilia huko. Maumivu yanayozidi usiku hata mtu akiwa amelala, homa za jioni, jasho la usiku, na mwili kukonda ni mambo ya kumwambia tabibu bila ya kungoja kuulizwa. Tena ikiwa miguu imeanza kufa nguvu, au ganzi imeingia baina ya mapaja, au mkojo umefunga, mgonjwa huyo ni wa kupelekwa hospitali saa ile ile, usiku au mchana, na asingojewe mwana mkubwa afike kutoka safarini.

Sasa niingie katika jambo lenyewe. Udhaifu wa uzee ninaousema hapa ni hali ambayo mwili, baada ya kupungukiwa katika viungo vingi kwa pamoja, huwa hauna tena ziada ya kukabili msukosuko: mafua ambayo mwingine angeyapita kwa siku tatu humlaza huyu majuma, na dozi ya dawa iliyo ya kawaida kwa mwingine humlevya. Mwaka 2001 Linda Fried na wenzake huko Marekani walitaja alama 5 za hali hiyo, nazo ni kukonda pasipo kukusudia, kuhisi uchovu siku zote, mshiko wa mkono kulegea, mwendo kuwa wa polepole, na shughuli za kila siku kupungua. Mwenye alama 3 au zaidi wakamhesabu kuwa dhaifu. Mwaka 2005 Kenneth Rockwood na wenzake huko Kanada wakatoa kipimo kingine, kilichoanza na daraja 7 na baadaye kikawa na 9, ambacho chamtazama mzee kwa yale anayoyaweza, tangu aliye hodari wa kupanda mlima mpaka yule anayelishwa na kugeuzwa. Wala mambo haya si ya wazungu peke yao. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wamewapima wazee wa vijijini kwa shabaha hiyo hiyo. Na msomaji anayetaka kumjua mzee wake kabla ya balaa aweza kupima meta 4 uani, akamwomba atembee kwa mwendo wake wa kila siku, huku yeye akitazama saa: ikizidi sekunde 5, mwendo huo ni wa polepole, na lafaa kutajwa kliniki.

Katika kipimo hicho cha Kanada mna sharti moja ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye faida kubwa kwa jamaa wa mgonjwa, nalo ni kwamba mzee hapimwi kwa hali aliyo nayo kitandani, bali kwa hali aliyokuwa nayo takriban majuma 2 kabla ya kuugua. Insafu ya sharti hilo ni dhahiri. Kila mzee aliyelazwa chali, meno ya bandia yametolewa, miwani imesahauliwa nyumbani, maumivu yamemkunja uso na dawa zimemtia usingizi, huonekana dhaifu. Na tabibu kijana asiyemjua aweza kumhukumu kwa sura ile, akamnyima matibabu ambayo angeyastahimili. Kinyume chake nacho hutokea: mzee mwenye haya, aliyezoea kuficha shida zake, hujibu kila swali kwa kusema hajambo na anajiweza, akapelekwa kupasuliwa, kumbe kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akishikwa mkono kwenda chooni.

Kwa hiyo atakayemsindikiza mzee asitosheke kusema kuwa alikuwa mzima, kwani neno hilo halimpi tabibu kitu cha kushika. Aseme mambo yaliyoonekana kwa macho, mathalani: “Daktari, kabla ya kuanguka mama alikuwa akijiogesha, akichota maji bombani nusu ndoo, akienda sokoni kwa miguu na kurudi, na hesabu ya chenji haikumpotea.” Au, ikiwa kweli ni hiyo: “Tangu Ramadhani hakutoka nje ya ua, kanga zilimpwaya, kuinuka kitini alikuwa akiinuliwa, ameanguka mara mbili kabla ya hii, na majina ya wajukuu yalianza kumchanganya.” Ushahidi wa pili ni mchungu kuutoa, na nimeona watoto wakiupamba kwa kumwonea mama yao haya mbele ya wageni, lakini haya hiyo yamdhuru mama. Pamoja na maneno hayo, zipelekwe dawa zake zote katika mfuko mmoja, za duka na za miti, za shinikizo la damu, za kisukari, za kulainisha damu, na hasa vidonge vya prednisoloni kama amevitumia kwa muda mrefu kwa ajili ya pumu au viungo, kwa sababu dawa hiyo hupunguza mifupa, na vilevile kuikatiza ghafla baada ya mazoea kwaweza kumwangusha mgonjwa kwa hatari.

Akishalazwa, adui mkubwa ni kitanda. Zamani matabibu wenyewe walimwamuru mwenye kuvunjika mgongo alale majuma kadhaa bila ya kujitikisa, na amri hiyo imebaki katika vichwa vya watu baada ya matabibu kuiacha. Mwaka 2007 ulichapishwa Marekani uchunguzi wa wazee wenye siha njema waliokubali kulazwa siku 10 bila ya ugonjwa wowote, na katika siku hizo walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Basi na ifikiriwe hali ya mzee aliyeingia wodini akiwa hana kilo hiyo ya kupoteza. Kulala chali huzamisha mapafu yakajaa makohozi, hugandisha damu miguuni, hufunga choo, na hutoboa ngozi ya makalio na visigino. Ndiyo sababu swali la kwanza la kumwuliza tabibu, kwa adabu lakini kila siku, ni hili: “Daktari, mvunjiko huu umetulia? Aruhusiwe kuketi leo?” Mivunjiko mingi ya kusagika ya wazee huwa imetulia, na mgonjwa huruhusiwa kuketi na kusimama mara maumivu yanapopata dawa, naye ataumia kidogo bila ya mfupa kudhurika.

Ruhusa ikipatikana, namna ya kumwinua ina kanuni yake, na jamaa wamwombe mtaalamu wa mazoezi ya viungo au muuguzi awaoneshe mara ya kwanza. Asivutwe mikono akiwa chali, jambo ambalo takriban kila mtoto mwenye huruma hulifanya, maana hapo mgongo hujikunja pale pale ulipovunjika. Mzee akunje magoti yote mawili, nyayo zikae juu ya godoro. Msaidizi asimame upande anaotaka kugeukia, aweke mkono mmoja begani na mwingine nyongani. Kisha mwili wote ugeuke kwa mara moja kama gogo linaloviringishwa, mabega yasitangulie nyonga wala nyonga zisitangulie mabega, mpaka alale ubavu. Ndipo miguu iteremshwe nje ya kitanda polepole huku mwenyewe akijisukuma kwa kiwiko na kiganja, na akiisha kuketi, nyayo zake ziguse sakafu, apumue, angoje kizunguzungu kipite. Mtu asiharakishe hapo. Dakika hizo za kungoja ndizo zinazozuia kuanguka kwa pili, ndani ya hospitali, mbele ya watu.

Maumivu yasiachwe bila ya dawa kwa kisingizio cha kuvumilia, kwa kuwa mzee anayeumwa hapumui kwa kina, hakohoi, hali, wala hajitikisi. Paracetamoli inayotolewa kwa saa zake, si kwa kuombwa, huwa msingi. Ila mzee aliyekonda sana hupewa kiasi kidogo kuliko kijana. Vidonge vya diklofenaki na jamaa zake, ambavyo watu huvinunua dukani kama njugu, vyaweza kuharibu figo na kutoboa tumbo la mzee, na zaidi anapotumia dawa za presha. Dawa kali za jamii ya morfini zina mahali pake, lakini zitolewapo, dawa ya kulainisha choo itolewe pamoja nazo tangu siku ya kwanza.

Chakula ni sura ambayo jamaa wana mamlaka nayo kuliko daktari. Sahani ya wali na maharage huletwa ikawekwa juu ya kabati dogo lililo nyuma ya kichwa cha mgonjwa, na baada ya saa moja mhudumu huiondoa vile vile, na mgonjwa akaandikiwa kuwa amekataa chakula. Kumbe hakuiona, au hakuifikia, au hakuweza kutafuna. Mzee aketishwe wima, avishwe meno yake na miwani yake, na mtu akae naye mpaka amalize, akila kidogo kidogo mara nyingi. Wataalamu hupendekeza mzee aliye mgonjwa apate gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ila mwenye maradhi ya figo amwulize tabibu wake kwanza; maana yake mwenye kilo 50 ahitaji gramu 60 na zaidi, na yai moja lina takriban gramu 6 tu. Uji mtupu wa sembe, basi, haumfai mtu huyu. Utiwe maziwa, uongezwe unga wa karanga, dagaa waliosagwa watiwe katika mchuzi, na mtindi usikosekane.

Kuweweseka nako kwahitaji kusemwa kwa uwazi, kwa sababu jamaa wengi hukufasiri kwa mashetani, au husema ndiyo mauti yamekaribia. Mzee aliyekuwa na akili zake jana, leo jioni anamwita marehemu mumewe, anachomoa dripu, anataka kwenda shamba; au, na hii ndiyo isiyotambulika upesi, analala tu, hajibu, hatazami. Hiyo ni dalili ya mwili, na aghalabu ina sababu: mkojo uliofunga, choo kigumu, homa, kiu, maumivu, au dawa ya usingizi aliyopewa ili atulie. Sharon Inouye na wenzake huko Marekani walionesha mwaka 1999 kwamba kuweweseka kwa wagonjwa wazee kwaweza kupunguzwa kwa mambo yasiyo na gharama, kama kuwakumbusha siku na mahali, kuwatembeza, kuwapa maji, miwani na vifaa vya kusikia, na kuwaacha walale usiku. Jamaa awekwe mmoja wa zamu, amwambie asubuhi: “Shikamoo, mama. Leo ni Ijumaa, uko hospitali, uliumia mgongo, mimi ni mwanao wa kwanza.” Wasije kumi kwa pamoja wakalia kandokando ya kitanda. Na mpira wa mkojo, kama umewekwa, waulize kila asubuhi kama bado una haja, maana huleta maambukizo na humfunga mgonjwa kitandani. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe takriban kila saa 2, na mwenye kola ngumu ya shingo atazamwe ngozi chini ya kidevu na nyuma ya kichwa kila siku, tena alishwe akiwa wima, kwani kola humpa tabu ya kumeza.

Mintarafu ya upasuaji, sina haki ya kusema ufanywe au usifanywe, ila nitasema linalofaa kuulizwa. Uti wa mgongo unapobanwa, au pingili zinapokuwa hazishikani, upasuaji waweza kuwa ndiyo njia ya kuokoa miguu au uhai. Habari za kujaza saruji ndani ya pingili iliyosagika ni nyingine: majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 2009 yalikuta kwamba waliofanyiwa hawakupona maumivu zaidi ya waliofanyiwa igizo lake, na maumivu ya mvunjiko wa namna hiyo kwa kawaida hupungua yenyewe katika wiki 6 hadi 12. Kadiri mzee alivyo dhaifu, ndivyo upasuaji unavyozidi kuambatana na homa ya mapafu, kidonda kuingia wadudu, kuweweseka, na kukaa hospitali siku nyingi. Basi jamaa wasiulize kama operesheni itafanikiwa, kwa maana yaweza kufanikiwa na mtu asisimame tena. Waulize: kwa mzee mwenye nguvu za kiasi hiki, mkimpasua, mwaona baada ya miezi 3 atakuwa akifanya nini? Msipompasua, atakuwa akifanya nini? Na aulizwe mzee mwenyewe. Ni desturi mbaya, ijapokuwa imevaa vazi la heshima, kukutana ndugu wote ukumbini, wakapiga na simu Maskati na London, kisha mwenye mgongo akawa wa mwisho kupata habari. Huenda yeye lililo muhimu kwake ni kujiendea msalani mwenyewe, ilhali watoto wanashindania urefu wa uhai.

Siku ya kutoka, nyumba itangulie kutengenezwa. Mkeka ulioinuka pembe utolewe njiani, taa iwekwe kati ya kitanda na choo, kitanda kisiwe cha chini kiasi cha kumkunja wala kirefu kiasi cha kuning'iniza miguu, ndara zilizolegea zitupwe, na kwa choo cha kuchuchumaa atafutiwe kiti kilichotobolewa katikati, ambacho seremala yeyote wa mtaani hukitengeneza kwa siku moja. Mwenye kuswali aswali juu ya kiti kwa ishara mpaka mgongo upone, na mfungo aushauri kwa tabibu, kwa kuwa dini yenyewe imemwekea mgonjwa ruhusa. Asikatazwe kazi zote: kuchambua mchele akiwa ameketi, kwenda mpaka barazani na kurudi, kisha mpaka kwa jirani, ndiyo mazoezi yake.

Linalosahauliwa kuliko yote ni mfupa wenyewe kutibiwa. Katika wanawake wazee waliochunguzwa, takriban 1 kati ya 5 waliovunjika pingili alivunjika nyingine ndani ya mwaka mmoja, na bado wengi hutoka hospitali na dawa za maumivu tu. Katika kliniki ya marudio iulizwe dawa ya kuimarisha mifupa, pamoja na kalisi na vitamini D kama zahitajika. Kidonge cha alendronati, ambacho hutumiwa mara 1 kwa wiki, humezwa asubuhi kabla ya kula chochote, kwa bilauri nzima ya maji matupu, si chai wala maziwa, na mtu hukaa wima au husimama kwa nusu saa kabla ya kula au kulala, ili kisiunguze koo. Ikiwa mzee hawezi kukaa wima muda huo, au chakula humkwama, au figo zake zina kasoro, tabibu aambiwe kabla ya kuandika cheti, kwa kuwa zipo dawa nyingine za kazi hiyo, na baadhi yake hutolewa kwa sindano.